Je, karanga zitamlinda mama na ugonjwa wa kusahau?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, naishi wilayani Mpwapwa na mama yangu mwenye miaka 72. Ana presha, meno yamebaki machache, na siku hizi amekonda. Tangu mwaka jana anauliza jambo lilelile mara tatu, nne ndani ya saa moja, na mwezi uliopita alipotea njia akitoka mnadani, njia aliyoipita tangu akiwa msichana. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam amesoma kwamba jamii ya karanga na lozi huzuia ugonjwa wa kusahau, sasa anatutumia lozi na wolnati za bei kubwa na kusisitiza mama ale kwa wingi. Sisi wenyewe tunalima karanga. Je, ni kweli zinasaidia ubongo? Karanga zetu haziwezi kufanya kazi hiyo? Ale kiasi gani, na kwa meno hayo ale vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitafika kwenye karanga, na nitakaa huko muda mrefu kwa sababu yapo mengi mazuri ya kusema. Ila naanza na ile safari ya mnadani.

Mzee akisahau alikoweka miwani, au jina la jirani likamtoka asubuhi na kumrudia jioni, huo ni uzee wa kawaida. Kupotea kwenye njia ya miaka hamsini ni jambo lingine. Mpeleke hospitali ndani ya wiki hizi mbili, hata kama siku hiyo ataamka mchangamfu na kukwambia hana tatizo. Nasema hivyo kwa matumaini. Baadhi ya wazee wanaoletwa kwetu kwa kusahau wana kitu kinachotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, sonona, maambukizi ya mkojo, VVU, kaswende ya miaka mingi, au damu iliyovuja polepole ndani ya fuvu baada ya kuanguka na kila mtu akasahau kwamba alianguka. Wengine wamechanganyikiwa kwa sababu ya dawa. Piriton, ile dawa ya mzio, inayomezwa kila usiku ili mtu apate usingizi, au amitriptilini aliyoandikiwa kwa maumivu ya miguu na haikuwahi kusitishwa, zinatosha kumfanya mtu wa miaka 72 asijue alipo. Hayo yote hayaponi kwa karanga wala kwa wolnati.

Na kama itakuwa kweli ni dimensia, yaani ugonjwa wenyewe wa kusahau, usikubali mtu akwambie ni maradhi ya Wazungu au ni mkono wa mtu. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa wazee karibu 1,200 wenye miaka 70 na kuendelea, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta ugonjwa huu kwa takribani asilimia 6.4 yao. Ni wazee wa vijijini, wakulima, watu wa maisha kama ya mama yako.

Sasa karanga. Alichosoma kaka yako kipo, hakudanganywa. Watafiti waliotumia taarifa za mradi mkubwa wa afya wa Uingereza, UK Biobank, waliwafuatilia watu zaidi ya 50,000 na kuona kwamba waliokula kiganja kimoja cha lozi, karanga, korosho na jamaa zake kila siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata dimensia, kwa asilimia 12, kuliko wasiokula kabisa. China, kati ya watu 4,822 wenye miaka 55 na zaidi, waliokula zaidi ya gramu 10 kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 40 wa kufanya vibaya kwenye vipimo vya kumbukumbu na fikra. Huo wa China naupenda zaidi kwa ajili yetu, maana kule wanachokula wengi ni karanga, karanga hizihizi. Marekani waliwapima wauguzi wastaafu zaidi ya 15,000 wenye miaka 70 na kuendelea: waliokula mara tano au zaidi kwa wiki walipata alama bora, lakini kasi ya akili kushuka mwaka hadi mwaka haikutofautiana na ya wenzao.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo watu huiruka. Tafiti za namna hii huangalia watu wanavyoishi wenyewe. Mtu anayekula lozi kila siku mjini London mara nyingi ana kipato kizuri, amesoma, anatembea, havuti sigara na anapimwa presha mara kwa mara. Utajuaje kilichomlinda ni lozi? Tena ubongo ukianza kuchoka, hata kula kunabadilika. Mtu anaacha vitu vya kutafuna, halafu mtafiti anahesabu kwamba ameugua kwa sababu hakula.

Ili kukata mzizi wa fitina, unawagawa watu kwa bahati nasibu, hawa wale, hawa wasile, kisha unasubiri. Hispania walifanya hivyo kuanzia mwaka 2003 katika utafiti uitwao PREDIMED, watu 7,447 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Kundi moja lilipewa gramu 30 kwa siku, nusu yake wolnati na nusu iliyobaki lozi na hezelnati, ndani ya mlo wa mboga, maharage, samaki na matunda. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2013, ukaondolewa na kuchapishwa upya mwaka 2018 baada ya kugundulika kwamba baadhi ya vituo havikuwagawa watu ipasavyo. Hesabu zilipofanywa upya, matokeo hayakubadilika sana. Kiharusi kilipungua. Na mjini Barcelona, kati ya washiriki 447 waliopimwa akili mwanzoni, 334 walipimwa tena baada ya miaka minne hivi, na wale wa kundi hilo walihifadhi kumbukumbu vizuri kuliko kundi la kulinganishia, ambalo lilishuka.

Kisha ukaja utafiti wa wolnati peke yake, Barcelona na Loma Linda kule California. Wazee wazima wa afya wenye miaka 63 hadi 79, zaidi ya 600 waliofika mwisho, miaka miwili mizima, gramu 30 hadi 60 za wolnati kila siku. Mwaka 2020 matokeo yakatoka: kwa ujumla, akili za waliokula na wasiokula hazikutofautiana. Dalili ya nafuu ilionekana upande wa Barcelona tu, ambako washiriki walikuwa na elimu ndogo na afya duni kidogo kuliko wale wa California. Mwaka 2023 mlo mwingine mzima, uitwao MIND, wenye jamii ya karanga ndani yake, ulijaribiwa kwa watu 604 kwa miaka mitatu huko Marekani. Nao haukuonyesha tofauti na kundi la kulinganishia.

Ukiniuliza mimi ninavyoyasoma yote hayo kwa pamoja, nasema hivi: chakula hiki ni kizuri kwa mishipa ya damu, na ubongo unaishi kwa mishipa ya damu. Majaribio 25 yaliyojumlishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba gramu 67 kwa siku hushusha kolestro mbaya kwa asilimia 7.4. Mishipa ikiwa safi, kiharusi kinapungua, na pia vile viharusi vidogovidogo visivyoonekana, ambavyo kila kimoja kinamega kipande cha kumbukumbu bila mtu kupooza mkono. Anayenufaika zaidi ni yule ambaye lishe yake ilikuwa na pengo. Mtu anayekula vizuri tayari, kiganja cha wolnati hakimwongezei mengi. Hakuna utafiti hata mmoja kati ya hii uliomrudishia kumbukumbu mtu aliyekwisha kuzipoteza, na hapo ndipo ninapotofautiana na kaka yako.

Kuhusu karanga zenu. Kibotania karanga ni jamii ya maharage, ilhali lozi na wolnati huota juu ya miti. Tumboni tofauti hiyo ni ndogo. Gramu 100 za karanga zina protini gramu 25 hivi, zaidi ya lozi, korosho na wolnati. Zina mafuta karibu nusu ya uzito wake, mengi yakiwa ya aina inayofaa moyo, na zina vitamini E, magnesiamu na foleti. Kinachokosekana ukilinganisha na wolnati ni omega-3, aina ya mafuta ambayo ubongo unayahitaji. Hiyo nenda kaitafute kwa samaki: dagaa, au samaki wa Mtera, bwawa ambalo sehemu yake liko wilayani kwenu. Tena omega-3 ya samaki ndiyo ya aina inayojenga ubongo moja kwa moja, wakati ya wolnati lazima mwili uigeuze kwanza, na hugeuza kidogo sana. Korosho za Mtwara, na sasa za Manyoni, ni nzuri pia. Zina magnesiamu nyingi na vitamini E kidogo. Kwa vitamini E, mbegu za alizeti zinazidi zote hizi, zina miligramu 35 kwa gramu 100, na sisi wa Dodoma na Singida tunaikamua mafuta na kuwapa ng'ombe mashudu bila hata kuionja. Njugu mawe ni chakula kizuri cha kushibisha, lakini mafuta yake ni kidogo, asilimia 6 hivi. Iweke kundi moja na maharage.

Kuna kirutubisho kimoja cha karanga ambacho kaka yako hajakisoma kwenye makala za ng'ambo, kwa sababu huko hakina shida. Ni niasini, vitamini B3. Gramu 100 za karanga zina miligramu 12 hivi. Mahindi nayo yana niasini, ila imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuitoa. Mtu akiishi kwa ugali wa mahindi mtupu na mboga kidogo, miezi ikapita, anapata pelagra: ngozi inababuka sehemu za jua, tumbo linaharisha, na akili inapotea. Akili kupotea ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata mlipuko wa pelagra, wagonjwa zaidi ya 18,000 katika miezi michache. Walikuwa wakipewa mahindi na karanga. Mgawo wa karanga ulikatika, ugonjwa ukaingia. Kama kuna mahali duniani ambapo karanga zimeonekana wazi kulinda akili za watu, ni hapo, na ilikuwa karanga ya kawaida ya Kiafrika kwenye gunia. Mzee aliyekonda, mwenye meno machache, anayekula ugali na mchuzi mwembamba kwa sababu nyama haitafuniki, ndiye hasa ninayemfikiria ninapokueleza haya. Tazama ngozi ya mama, shingoni na mikononi, na umwambie daktari unachokiona.

Kwa hiyo ndiyo, karanga zenu zinafanya kazi hiyo. Nchi yenyewe ni ya karanga. Hapo Kongwa, jirani zenu, Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kupikia kwao. Mwaka 1951 waliacha, wakiwa wamepoteza zaidi ya pauni milioni 35. Mama zetu waliendelea na vijishamba vyao vya jembe la mkono, na ndizo tunazokula hadi leo.

Lakini karanga inaweza pia kudhuru, na hapa naomba usome polepole.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi. Haina ladha, na mara nyingi hata harufu haina. Mwaka 2016 hapa kwetu, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafariki. Ilitoka kwenye mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Kwenye karanga mara nyingi huingia kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka, na hatimaye huweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini B. Hali ya hewa yetu inaisaidia: mvua ikikatika mapema huku karanga bado ziko ardhini, mmea unateseka kwa ukame, maganda yanapasuka, kuvu anaingia kabla hata hujang'oa.

Sasa fikiria karanga zinavyotembea ndani ya nyumba. Zile nene, nzuri, zinakwenda sokoni au zinawekwa mbegu. Za kukaanga wageni zinachaguliwa pia. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zile haziuziki, basi zinaingia kwenye kinu, zinatwangwa na kutiwa kwenye mboga. Ukishatwanga huoni tena ipi ilikuwa mbovu. Na nani ndani ya nyumba anakula karanga za kutwanga kuliko wote? Mtoto anayeanza kula, na bibi asiye na meno. Yule tunayetaka kumlinda ndiye tunayemlisha sumu nyingi zaidi. Nimewaona wanawake wenye upendo mkubwa na wazee wao wakifanya hivyo kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kutopoteza chakula. Naomba kwenu iwe kinyume: karanga bora kuliko zote za mavuno ndizo ziwe za mama.

Chambua kwa mkono, juu ya ungo, mahali penye mwanga. Toa iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyopauka au kuwa nyeusi, iliyoanza kuota, yenye unga wa kijani au wa kijivu. Sumu haisambai sawasawa gunia zima. Hujikusanya kwenye punje chache mbaya, kwa hiyo kuzitoa hizo hupunguza sehemu kubwa ya sumu. Kukaanga huipunguza kwa kiasi, hakuimalizi, na kuchemsha ni hivyohivyo, kwa hiyo usimwamini anayekwambia moto unaua kila kitu. Ulizotoa usiwape kuku wala mbuzi. Zichome au zifukie. Msimu wa kupukuchua, msiloweke maganda maji ili vidole visiumie. Najua ni kazi ngumu na maji huirahisisha, lakini ule unyevu ndio kuvu anaousubiri. Anikeni juu ya turubai au kichanja, kamwe si kwenye udongo, mpaka ukitikisa ganda usikie punje zinacheza. Hifadhini zikiwa na maganda yake, mfuko juu ya mbao. Ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafaa ikiwa karanga zimekauka kweli. Zikiwa na unyevu utafungia kuvu ndani. Na siagi ya karanga ya kununua kwa mtu usiyemjua, au karanga zilizokwisha kusagwa sokoni, mimi singempa mama. Nunueni nzima, mchambue, msage wenyewe.

Kiasi sasa. Gramu 30 kwa siku, yaani kiganja chake kimoja kilichojaa, au vijiko vikubwa viwili vya karanga zilizosagwa. Hicho ndicho kiasi cha tafiti nyingi na kinatosha. Kinampa kalori 170 hivi na protini gramu saba au nane. Kule Ulaya wanawaonya watu wasile zaidi wakanenepa. Mama yako amekonda, na kukonda kwa mzee anayesahau ni jambo la kuangaliwa sana, kwa hiyo akipenda kuongeza kidogo sitamzuia. Ila "kwa wingi" ya kaka yako haina msingi. Akishiba karanga ataacha ugali, mboga na maziwa, na karanga hazina vitamini B12 hata chembe. Hiyo inatoka kwenye maziwa, mayai, dagaa na nyama.

Kwa meno yale, asipewe punje nzima za kukaanga. Mzee anayesahau husahau hata kutafuna, na punje ya karanga ikiingia njia ya hewa ni hatari ya kweli. Saga laini. Asubuhi koroga kijiko kimoja kikubwa kwenye uji wa uwele au wa mtama wakati bado uko motoni. Mchana au jioni weka kingine kwenye mlenda, mchicha au majani ya kunde, na uache vichemke pamoja. Siagi ya karanga isiwe nzito ya kunata kwenye kaakaa. Ilegeze kwa maji moto au maziwa. Karanga zilizochemshwa na maganda yake wakati wa mavuno mapya, zikaiva mpaka zikalainika, nyingi hupondeka kwa ufizi. Zile mponde kwa uma, ale ameketi wima, na mtu awe karibu. Chumvi usitie. Ana presha, na karanga za chumvi zinamrudisha nyuma kule tunakotaka atoke. Kashata ni sukari, iwe ya sikukuu. Kama amewahi kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya kula karanga, asile kabisa; na kama daktari ameshawaambia figo zake ni dhaifu, mwulize kwanza.

Lozi na wolnati zilizokwisha kuletwa msizitupe. Zichambueni, zisageni pamoja na karanga, ale. Zikiisha, mwombe kaka yako asitume nyingine, kwa heshima, maana anafanya hivyo kwa mapenzi na kwa uchungu wa kuwa mbali. Mpe kazi yenye faida kubwa zaidi kwa fedha ileile: mashine ya kupimia presha nyumbani, na dawa za presha zisikatike hata siku moja. Mwaka 2019 Marekani walichapisha matokeo ya watu 9,361 wenye presha: walioshushiwa kwa makini zaidi walipata upungufu wa kumbukumbu wa awali kwa asilimia 19 chini ya wenzao. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia na yanayoweza kubadilishwa, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepuka au kuchelewa kuugua kama yote yangeshughulikiwa. Humo utakuta presha, kisukari, kolestro, usikivu hafifu, macho mabovu, upweke, sonona, kutofanya mazoezi, pombe na sigara. Karanga hazimo kwa jina. Zimo kwa kupitia presha na kolestro. Na Finland, wazee 1,260 wenye miaka 60 hadi 77 waliopewa kwa pamoja chakula bora, mazoezi, michezo ya akili na ufuatiliaji wa presha na sukari kwa miaka miwili, walifanya vizuri kuliko waliopewa ushauri wa kawaida tu. Mimi naamini njia hiyo ya mambo mengi kwa pamoja.

Kwa hiyo mpime masikio. Mzee asiyesikia hujibu ovyo na kuuliza tena na tena, watu wakadhani amesahau. Mtazameni mtoto wa jicho. Mwacheni achambue karanga zake mwenyewe, akiwa na wajukuu. Mikono inafanya kazi, mdomo unazungumza, na yeye anajua punje mbovu kuliko ninyi nyote. Mnadani aende, ila na mtu.

Anzeni hospitali ya wilaya, muulizie dirisha la wazee. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, aliyetimiza miaka 60 na asiye na uwezo wa kulipa ana haki ya kutibiwa bila malipo, kwa hiyo ulizeni, na bebeni kitambulisho chake. Wakihitaji picha ya ubongo watawapa rufaa kuja Dodoma mjini, Hospitali ya Benjamin Mkapa inazo mashine hizo. Na wakimwandikia aonwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, mpelekeni bila aibu. Wataalamu wa akili na kumbukumbu wako pale, na watu watasema watakalosema. Siku hiyo weka kwenye mfuko mmoja dawa zote anazomeza, pamoja na za dukani, za mitishamba na zile anazopewa na jirani. Andika tarehe uliyoona mabadiliko kwa mara ya kwanza, kama amewahi kuanguka, kama analala, kama anakojoa kwa maumivu, na presha yake ya asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Aende na yule anayelala naye nyumba moja, maana yeye mwenyewe atamwambia daktari kwamba yuko salama.